Kinamasi Kikishachimbwa: Nyiramugengeri ya Rwanda na Swali la Mashimo Yake

Utangulizi

Kinyarwanda kina neno moja, nyiramugengeri, kwa ule udongo mweusi unaochimbwa vinamasini, ukaanikwa juani na kuwaka kama kuni. Kiswahili hakina neno lililozoeleka kwa kitu hicho. Wengine huuita mboji, lakini mboji ni neno la mkulima, na mkulima hachomi mboji yake bali huirudisha shambani. Kwa hiyo katika insha hii nitatumia neno la nyumbani. Tangu Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, naona si vibaya sisi tunaokisoma hapa Kigali tukikiongezea maneno machache kutoka mabonde yetu.

Mengi yanayoandikwa kuhusu nyiramugengeri ya Rwanda yanahusu umeme: megawati ngapi, tani ngapi, dola ngapi. Hizo ni habari muhimu, na nitazieleza. Lakini swali ninalotaka kulijadili huja baada ya hizo, nalo ni hili: kinamasi kikishachimbwa, kinakuwa nini? Hoja yangu ni kwamba historia ya nchi yetu wenyewe imeshatupa sehemu ya jibu. Jibu hilo halipo Gishoma wala Akanyaru, kunakochimbwa nyiramugengeri. Lipo Rugezi, kinamasi ambacho hakikuchimbwa kwa ajili ya umeme, ila kilipoharibika taa za Kigali zilizimika.

Nyiramugengeri hutokeaje?

Mafunjo na nyasi za majini hukua haraka, hufa na kuanguka majini. Penye hewa ya kutosha, vijidudu vingeyaozesha mabaki hayo na kuyamaliza. Kinamasini maji yametuama, hewa ni haba, na mabaki hayaozi yakaisha. Hulaliana tabaka juu ya tabaka, mwaka hata mwaka. Kadirio linalotumiwa sana na wataalamu ni kama milimita moja kwa mwaka. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki huchukua muda: tabaka la mita 5 ni kazi ya miaka 5,000 hivi.

Kutokana na hesabu hiyo yanafuata mambo mawili. La kwanza, nyiramugengeri hairudi kwa kipimo cha maisha ya binadamu. Msitu wa mikaratusi ukikatwa, mjukuu ataukuta umeota tena. Tabaka la nyiramugengeri likichomwa, hata kitukuu wa kitukuu hatalikuta.

La pili linatugusa sisi tunaosoma historia. Tabaka hizo huhifadhi chavua za mimea ya kila zama, na mtaalamu akitoboa hadi chini anaweza kusoma hali ya nchi kabla ya wafalme, kabla ya kilimo, kabla ya simulizi yoyote. Katika kinamasi cha Kashiru nchini Burundi, Raymonde Bonnefille na wenzake walisoma kwa njia hiyo mabadiliko ya joto na mvua ya miaka 40,000, wakayachapisha mwaka 1990. Kinamasi cha Kamiranzovu, ndani ya msitu wa Nyungwe, nacho kimechunguzwa kwa namna hiyo. Kwa hiyo anayechoma nyiramugengeri huchoma pia nyaraka, tena za wakati ambao hatuna nyaraka nyingine.

Kutoka tanurini hadi kwenye gridi

Katika eneo letu, Burundi ndiyo iliyotangulia kuipa kazi hii ofisi yake. Mwaka 1977, miaka michache baada ya bei ya mafuta kupanda duniani, ilianzisha shirika la umma la nyiramugengeri, ONATOUR. Wateja wake wakubwa walikuwa kambi za jeshi na taasisi nyingine zinazopikia watu wengi. Sababu ilikuwa wazi: nchi ndogo yenye watu wengi, iliyo mbali na bahari, isiyo na kisima cha mafuta, na ambayo miti yake ilikuwa ikiisha.

Sababu hizo zote zilikuwepo Rwanda pia. Mwaka 1993 kampuni ya Ekono ya Finland iliandaa mpango mkuu wa nyiramugengeri kwa ajili ya serikali ya Rwanda. Ilikadiria kwamba nchi ina tani milioni 155 za nyiramugengeri kavu, katika eneo la hekta 50,000 hivi, na kwamba asilimia 77 ya akiba hiyo iko kando ya mito Akanyaru na Nyabarongo na katika uwanda wa Rwabusoro. Mwaka uliofuata ulikuwa 1994. Baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kushughulikia vinamasi. Hata hivyo, takwimu za Ekono hazikusahaulika. Hadi leo ndizo zinazonukuliwa kila panapozungumzwa nyiramugengeri, jambo linaloonyesha jinsi hesabu moja inavyoweza kuongoza sera ya nchi kwa miongo mitatu.

Matumizi ya mwanzo yalikuwa ya moto tu. Kiwanda cha saruji cha CIMERWA, kilichoko Bugarama katika wilaya ya Rusizi, kilitumia nyiramugengeri kwenye tanuri lake. Magereza nayo yaliitumia kupikia, ili kupunguza kuni. Hatua kubwa ilikuja serikali ilipoamua kuifua umeme. Kituo cha Gishoma, chenye uwezo wa megawati 15, kilijengwa Rusizi na kampuni ya Punj Lloyd ya India, kikaanza kuingiza umeme kwenye gridi kati ya 2016 na 2017, kikitajwa kuwa cha kwanza cha aina yake barani Afrika. Cha pili ni kikubwa zaidi: kituo cha megawati 80 katika wilaya ya Gisagara, kwenye bonde la Akanyaru, ambacho ujenzi wake ulianza mwaka 2017 chini ya wawekezaji binafsi, wakiwemo kampuni ya Hakan ya Uturuki.

Gishoma haikuenda kama ilivyotarajiwa. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alieleza katika taarifa zake kwamba kituo kilikuwa kikizalisha umeme chini ya uwezo wake, na maofisa waliulizwa bungeni kuhusu jambo hilo. Ugumu wenyewe unaeleweka. Nyiramugengeri ikiwa bado kinamasini, sehemu kubwa ya uzito wake, karibu asilimia 90, ni maji. Kabla ya kuchimba ni lazima mitaro ikatwe na maji yaondolewe. Kisha udongo huvurugwa, hutandazwa na kuachwa juani. Rwanda ina misimu miwili ya mvua. Kwa hiyo kazi ya kuanika hutegemea sana kiangazi, kuanzia Juni hadi mwanzoni mwa Septemba, na ule ukavu mfupi wa Januari na Februari. Mtambo, kwa upande wake, unataka kula kila siku ya mwaka.

Siandiki haya kwa kubeza. Mtoto anayesoma usiku kwa taa ya umeme haulizi umetoka wapi, na mwanafunzi anayeandika insha kwenye kompyuta hawezi kujifanya mtakatifu. Nchi ilihitaji umeme, na ilikuwa na kuni chini ya maji. Ninachosema ni kwamba hesabu yote hiyo, kuanzia tani za Ekono hadi megawati za Gisagara, ilihesabu kinachotolewa. Kinachobaki hakikuhesabiwa kwa bidii hiyo.

Funzo la Rugezi

Kaskazini mwa nchi, katika wilaya za Burera na Gicumbi, kuna kinamasi cha Rugezi. Kina hekta 6,700 hivi, na chini ya mafunjo na nyasi zake kuna tabaka nene la nyiramugengeri. Maji yake hutiririka hadi ziwa Burera. Kutoka Burera hushuka hadi ziwa Ruhondo, na katika mteremko huo kilijengwa mwaka 1959 kituo cha Ntaruka, chenye megawati 11.25. Maji yakitoka Ruhondo huendesha kituo kingine, Mukungwa, chenye megawati 12. Kwa miaka mingi vituo hivyo viwili vilikuwa sehemu kubwa ya umeme wa nchi nzima.

Tabaka la nyiramugengeri hufanya kazi kama sifongo. Wakati wa mvua hunywa maji; wakati wa kiangazi huyaachia kidogo kidogo. Kwa lugha ya mhandisi, Rugezi ilikuwa tangi la Ntaruka na Mukungwa, tangi ambalo hakuna aliyelijenga wala kulilipia. Kadiri watu walivyoongezeka na ardhi ya milimani kuwa haba, wakulima waliingia kinamasini, wakakata mitaro, wakapanda. Milima inayokizunguka ililimwa bila matuta ya kutosha, na udongo ukashuka.

Mwaka 2004 kina cha maji katika ziwa Burera kilikuwa kimeshuka kiasi kwamba Ntaruka haikuweza tena kufanya kazi yake. Watu wa umri wa wazazi wangu hapa Kigali wanaukumbuka mgao wa umeme wa wakati huo. Serikali ilikodi majenereta ya dizeli, na gharama yake ilitajwa kufikia dola 65,000 kwa siku. Ni kweli kwamba kinamasi hakikuwa sababu pekee: mvua zilipungua, na matunzo ya mitambo nayo yalilaumiwa. Lakini wataalamu walikubaliana kwamba kuharibika kwa Rugezi kulikuwa katikati ya tatizo.

Kilichofuata kinajulikana. Kilimo ndani ya Rugezi kilisimamishwa, mitaro ikazibwa, matuta yakachimbwa milimani, na mianzi na nyasi zikapandwa kandokando. Mwishoni mwa 2005 Rugezi iliingia katika orodha ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Kina cha maziwa kikapanda, umeme ukarudi. Mwaka 2010 Rwanda ilipewa tuzo ya Green Globe kwa kazi hiyo.

Hata hivyo ushindi huo ulikuwa na mlipaji wake. Aliyekuwa akilima viazi kinamasini alipoteza shamba. Aliyekuwa akikata nyasi za kusukia mikeka na vikapu aliambiwa asiingie. Taa za mjini ziliwaka kwa sababu mtu wa Burera aliacha kulima. Tukisimulia Rugezi kama hadithi ya mafanikio bila kumtaja mtu huyo, tutakuwa tumeandika nusu ya historia.

Sasa tuweke visa viwili pamoja. Huko Gishoma, nyiramugengeri ilichimbwa na kuchomwa ili kupata megawati 15, tena kwa shida. Huko Rugezi, nyiramugengeri iliyoachwa mahali pake ilikuwa ikisaidia kuendesha zaidi ya megawati 23 za maji, bila kupungua, na bila moshi. Silinganishi vinamasi hivyo kana kwamba ni kimoja. Mabonde yanatofautiana, na si kila kinamasi kina mteremko wa Ntaruka chini yake. Lakini ulinganisho huo unaonyesha kitu ambacho tani za Ekono hazikuweza kuonyesha: thamani ya nyiramugengeri si moto wake tu. Maji yake nayo ni mali.

Mashimo ya wenzetu

Kuhusu kinachotokea baada ya kuchimba, nchi za Ulaya zina historia ndefu kuliko yetu. Mashariki mwa Uingereza kuna maziwa mengi ya kina kifupi yaitwayo Norfolk Broads, ambako watu huenda kwa mashua kupumzika. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba ni maziwa ya asili. Katika miaka ya 1950, mtaalamu wa mimea Joyce Lambert alitoboa matope yake na kugundua kwamba kingo za maziwa hayo chini ya maji zimekatwa wima, kama kuta. Yalikuwa mashimo ya nyiramugengeri, yaliyochimbwa kwa mikono katika karne za kati, kisha yakafurikwa maji yalipopanda katika karne ya 14. Watu walikuwa wamesahau kabisa kwamba babu zao ndio walioyachimba.

Ireland ni kisa cha karibu zaidi na sisi, kwa kuwa huko nyiramugengeri ilichimbwa na shirika la umma kwa ajili ya umeme. Bord na Móna ilianzishwa mwaka 1946. Kwa miongo mingi ilitoa ajira katika vijiji vya katikati ya nchi ambavyo havikuwa na kazi nyingine. Mwishoni mwa 2020 vituo vya umeme vya Shannonbridge na Lanesborough vilifungwa, na Januari 2021 shirika likatangaza mwisho wa uchimbaji. Tangu hapo limekuwa likiziba mitaro ili maji yarudi, chini ya mpango unaohusu hekta 33,000, kwa fedha nyingi za umma. Wafanyakazi waliokata mitaro ndio walioitwa kuiziba. Katika eneo la Lough Boora, shamba lililokwisha kuchimbwa limegeuzwa kuwa bustani ya maziwa, ndege na njia za baiskeli. Na humo, mwaka 1977, yalichimbuliwa mabaki ya makazi ya watu wa miaka 9,000 hivi iliyopita.

Nayatoa mafunzo matatu katika visa hivyo. Shimo la nyiramugengeri hupenda kuwa ziwa, utake usitake, kwa kuwa liko chini kuliko mto ulio jirani. Kurudisha maji kunawezekana, lakini ni gharama, na ni lazima ijulikane mapema nani atailipa. Na kijiji kilichozoea mshahara wa uchimbaji hubaki na swali lake hata baada ya ndege kurudi.

Mashimo yetu yatakuwa nini?

Bonde la Akanyaru si uwanja mtupu. Ni makazi ya mafunjo, ndege na sitatunga, swala anayeishi majini. Kandokando yake wanaishi maelfu ya wakulima. Nyiramugengeri ikiisha, au mkataba ukiisha kabla yake, kuna njia tatu zinazoweza kufikiriwa.

Njia ya kwanza ni kilimo, hasa mpunga, ambao tayari unalimwa katika mabonde ya Gisagara. Njia hii ndiyo itakayopendwa zaidi, na sioni ajabu. Palipo na watu wengi na ardhi ndogo, hekta tupu haikai tupu. Lakini mpunga unataka maji yanayodhibitiwa, na udongo unaobaki chini ya nyiramugengeri mara nyingi ni wenye asidi. Kama nyiramugengeri itaachwa nusu na kukaushwa kwa ajili ya mazao, itaendelea kuoza, kushuka na kutoa hewa ya ukaa hata bila kuchomwa.

Njia ya pili ni mabwawa ya samaki. Inafuata tabia ya shimo lenyewe, kwa kuwa shimo linataka maji. Njia ya tatu ni kuyarudisha maji na mafunjo, na kuacha tabaka jipya lianze kujengwa kwa ile milimita moja kwa mwaka.

Njia hii ya tatu si ndoto. Hapa Kigali, Nyandungu ilikuwa ardhi oevu iliyochoshwa na shughuli za viwanda na kilimo. Kazi ya kuirejesha ilianza mwaka 2016, na mwaka 2022 ikafunguliwa kama bustani ya hekta 121 yenye mabwawa, miti ya asili na njia za kutembea. Nimetembea huko na wanafunzi wenzangu, na niliona kwamba waliofurahi zaidi ni watoto, ambao hawakuwahi kuiona Nyandungu ya zamani. Nyandungu haikuwa mgodi wa nyiramugengeri, nayo iko katikati ya jiji, penye wageni wanaolipa kiingilio. Bonde la Akanyaru halitapata wageni hao. Kwa hiyo lisisubiri kuokolewa na utalii; linahitaji fungu la fedha lililowekwa tangu tani ya kwanza ilipotoka.

Mimi naona kwamba njia hizo tatu zinaweza kuchanganywa, ila uamuzi uanze na maji. Kabla ya kuuliza bonde litatoa kilo ngapi za mpunga, tuulize litashika maji kiasi gani, litayaachia lini, na nani yuko chini yake anayeyategemea. Rugezi ilituonyesha kwamba swali hilo lisipoulizwa mwanzoni, hujibiwa kwa dizeli. Na safari hii aliye kando ya bonde ashirikishwe kabla mambo hayajaamuliwa, asije akaambiwa tu atoke, kama alivyoambiwa mkulima wa Burera.

Hitimisho

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nyiramugengeri ni mali, na daftari lake lipo, lakini limejazwa upande mmoja. Upande wa pili unangoja: kina cha maji kabla ya mtaro wa kwanza, mimea na wanyama waliokuwepo, majina ya sehemu za kinamasi, nani alivua wapi, nani alikata mafunjo wapi, na tabaka la chini lina miaka mingapi. Baadhi ya hayo ni kazi ya wahandisi na wataalamu wa mimea. Mengine ni kazi yetu sisi wanafunzi wa historia na lugha, nayo haihitaji zaidi ya daftari, kinasa sauti na nauli ya basi hadi Gisagara au Rusizi.

Wazee waliokijua kinamasi kabla ya mashine bado wapo. Wakazi wa Norfolk walisahau kwamba maziwa yao ni mashimo, na ilichukua karne sita mtu mmoja kuwakumbusha. Sisi hatuna sababu ya kusahau, kwa kuwa mashimo yetu bado yanachimbwa.